Wikendi moja, miji mitatu chini ya Mlima Kenya

Kijana wa Majengo, Nyeri, akipata doo kidogo, ndoto huwa ni Diani. Sawa, bahari ni tamu. Lakini kuna wageni wanaopanda ndege kuja kuona tunachokipita kila siku.

Nyeri. Anza na kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki hapa mwaka 1941. Maskauti hutoka nchi za mbali kulizuru. Wewe uliyevaa skafu shuleni, umewahi kufika? Kisha kaa na wazee wakusimulie kuhusu Dedan Kimathi, aliyekamatwa kaunti hii hii mwaka 1956.

Karatina. Panda matatu asubuhi ya siku ya soko. Viazi, ndizi, maparachichi, mitumba, kelele za kupatana bei. Nenda na njaa na kikapu.

Nanyuki. Ni kama kilomita 60 kutoka Nyeri. Ikweta inapita hapa, na kibao chake kipo, piga picha. Amka mapema uone kilele cha Batian, mita 5,199, kabla mawingu hayajakifunika. Beba sweta! Nanyuki nayo ina Majengo yake, kwa hivyo chapati madondo za bei nafuu hutazikosa.

Tunalia kila siku kwamba kazi hakuna, na kuongoza watalii ni kazi. Lakini utamwonyesha nini mgeni, kama mji wenu mwenyewe hujautembea?