Herufi th: Kutoka Kathonzweni hadi "three"

Mwalimu, mwombe mwanafunzi huko Mukuyuni asome neno la Kiingereza "three". Aghalabu utasikia "dhrii". Usiharakishe kusema hajui Kiingereza. Anaisoma th kama lugha yake ya kwanza ilivyomfunza.

Kikamba na Kiswahili ni lugha za Kibantu zinazokaribiana. Mukuyuni ni penye mkuyu: mukuyu ni mkuyu, nacho kiambishi -ni ni kilekile cha mahali. Ukaribu huu hutusahaulisha tofauti za maandishi. Katika Kikamba, th huwakilisha sauti ambayo Kiswahili huiandika dh. Mwenyeji wa Makueni hutamka Kathonzweni kana kwamba limeandikwa Kadhonzweni.

Sauti hizi mbili ni vikwamizo vya meno. Hutofautiana kwa jambo moja tu: /dh/ ni ghuna, yaani nyuzi za sauti hutetemeka, /th/ si ghuna. Kiingereza nacho huziandika zote kwa th: "three" na "think" zina /th/, ilhali "the" na "mother" zina /dh/. Hapo tahajia haimsaidii msomaji. Kila neno hujifunzwa kwa sikio.

Je, haya yanamhusuje mwanafunzi wa fasihi? Kiswahili hutenganisha maana kwa sauti hizi. Linganisha:

(a) Baba alimthamini mwanawe.
(b) Baba alimdhamini mwanawe.

Katika (a), baba alimwona mwanawe kuwa wa thamani. Katika (b), alimwekea dhamana. Mtahiniwa anayeandika (b) akikusudia (a) amegeuza uhusiano wa wahusika. Vivyo hivyo katika ushairi: hadithi na warithi zina kina cha thi, kadhi ina kina cha dhi. Anayezisoma zote kwa dhi atadai kuna urari wa vina mahali ambapo haupo.

Dawa yake ni rahisi. Mwanafunzi aweke vidole kooni, atamke Kathonzweni kwa sauti, kisha alinong'one. Katika mnong'ono mtetemo hutoweka, na th inayosikika ndiyo ya "three" na ya thamani. Akiizoea, aitumie katika maneno kamili: methali, thelathini, themanini.

Usimcheke, wala usimkataze Kikamba. Wanafunzi wengi kwingineko husema "za" badala ya "the". Sauti ya dh wanayoitafuta kwa taabu, yeye anayo tangu utotoni.