Yaya Mjini: Jinsi Riwaya ya Mapenzi na Kicheko Inavyojengwa

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ila hawakutuambia ni nani anayeifanya hiyo kazi mama anapotoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kukimbilia matatu. Hapa Nairobi jibu twalijua sote: ni yaya. Katika makala haya nataka kueleza jinsi yaya anavyoingia katika riwaya ya mapenzi na kicheko, na kwa nini sisi wanachama wa Kiswahili, hasa tunaotoka Kiamaiko, tunapaswa kuijaribu riwaya ya aina hiyo kwa kalamu zetu.

Tuanze na neno lenyewe. Yaya ni mlezi wa watoto wa mtu mwingine. Wareno wana neno aia, Wahindi wana aya, na yote mawili yana maana hiyo hiyo. Hata Agizo la Mishahara la Kenya, ambalo huandikwa kwa Kiingereza, linamtaja yaya kwa neno "ayah", katika mstari mmoja na mfagizi, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Mtaani neno hilo limezaa wenzake. Sheng humwita "mboch", watoto humwita "anti", na huko Tanzania utasikia "dada wa kazi", "hausigeli" au lile la mzaha, "beki tatu". Nairobi pia kuna jumba la maduka kule Kilimani liitwalo Yaya Centre. Fikiria msichana aliyeshuka basi jana kutoka mashambani, anaambiwa na makanga, "Wewe shukia Yaya!" Naye anajibu, "Ndiyo, mimi ndiye yaya." Hapo kicheko kimekwisha kuanza, na riwaya haijafika ukurasa wa pili.

Sasa, riwaya ya mapenzi na kicheko ni nini? Ni hadithi ya wawili wapendanao ambao kila wakikaribiana kitu kinawatenga: barua inapotea, mtu anadhaniwa kuwa mwingine, mama mkwe anatokea wakati usiofaa. Msomaji anajua kwamba mwishowe watapatana. Hasomi ili ajue kama watapatana, bali ajue watapatana vipi, na anacheka njiani. Wapo wanaosema kuwa vitabu hivi ni porojo tu. Mimi nasema si kweli. Kicheko kinaweza kuingia mahali ambapo hotuba hufungiwa mlango.

Na kwa nini mwandishi amchague yaya? Kwa sababu yaya yumo ndani ya nyumba lakini si wa nyumba. Anajua bwana alirudi saa ngapi, anajua bibi amekopa wapi, anajua mtoto analilia nini. Siri zote zimo mikononi mwake, ila hana ruhusa ya kusema. Mtu anayejua kila kitu na hatakiwi kusema lolote, bwana, huyo ni hazina kwa mwandishi wa vichekesho.

Mfano unaojulikana sana ulimwenguni ni The Nanny Diaries, riwaya iliyotolewa Marekani mwaka wa 2002 na Emma McLaughlin na Nicola Kraus. Waandishi hawa wawili walikuwa wamefanya kazi ya uyaya wenyewe jijini New York. Msichana wao anaitwa Nan, mwanafunzi wa chuo kikuu. Waajiri wake hawana hata jina, ni Bwana na Bibi X tu. Anamlea mtoto wao Grayer, na kijana anayempenda anaishi katika jumba lilo hilo, ghorofa za juu. Vichekesho vinatokana na amri za Bibi X, mama aliye na muda wa kila jambo isipokuwa mtoto wake. Mwishoni Nan anafukuzwa, naye anasema yaliyo moyoni mbele ya kamera iliyofichwa ndani ya mwanasesere wa dubu. Mwaka wa 2007 kitabu hicho kilifanywa filamu.

Tazameni jinsi kicheko hapo kinavyoelekea juu. Anayechekwa ni tajiri, si yaya. Huu ndio msingi wa kwanza wa riwaya hii, na ndipo michezo mingi inapoteleza. Mara ngapi tumeona mchezo jukwaani ambamo yaya anachekwa kwa sababu ya lafudhi yake, au kwa sababu hajui kuwasha jiko la gesi? Hapo kicheko kimeelekea chini, na kinamwangukia asiye na la kujibu.

Kwetu yaya hakukosa kuonekana. Mwaka wa 2014 runinga ya NTV ilianza kuonyesha Auntie Boss!, ambamo Nyce Wanjeri aliigiza kama Shiru, na wafanyakazi wa nyumbani ndio waliokuwa wakiwajadili mabosi wao. Mwaka wa 2018 ikaja tamthilia ya Selina, Celestine Gachuhi akiwa msichana aliyetoka kijijini, akaingia kazi ya nyumbani kwa matajiri wa Nairobi, akapendana na kijana wa nyumba hiyo, aliyeigizwa na Pascal Tokodi. Katika riwaya tunaye Imani wa Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora. Imani anaajiriwa nyumbani kwa Mwalimu Majisifu na Bi Dora kuwatunza watoto wenye ulemavu. Kitabu hicho kina vichekesho, lakini mzigo wake ni mzito, na Sokomoko si mtaa wa Nairobi. Kwa hiyo nafasi ya riwaya ya yaya wa Eastlands bado iko.

Hebu basi tuije Kiamaiko. Mtaa wetu ni wadi katika eneo bunge la Mathare, jirani na Huruma, na mji mzima unaujua kwa nyama ya mbuzi. Mbuzi hushuka kutoka kwenye malori yaliyotoka kaskazini, na asubuhi Kiborana, Kisomali, Kikuyu, Kiswahili na Sheng vyote vinapigana bei mahali pamoja. Hapa yaya ni wa aina mbili. Wa kwanza ni binti wa ploti zetu anayetoka kwenda kulea watoto wa watu Pangani, Eastleigh au Buruburu. Wa pili ni yule anayeletwa kutoka mashambani kulea mtoto wa mama muuza mboga, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia.

Hilo pazia ndilo zawadi yetu kwa fasihi. Vichekesho vya matajiri hutegemea milango: huyu anaingia, yule anajificha kabatini. Sisi hatuna kabati la kumficha mtu. Yaya wa Kiamaiko akipigiwa simu na mpenzi wake, mama mboga anasikia, jirani wa kushoto anasikia, na yule wa kulia anatoa ushauri bila kuulizwa! Tuseme mpenzi huyo anafanya kazi machinjioni. Anajipaka manukato chupa nzima, lakini akipita tu mbuzi wote waliofungwa wanaanza kupiga kelele. Je, penzi hilo litafichwaje?

Lakini kuna tofauti moja ambayo hatuwezi kuipuuza. Nan wa New York akifukuzwa anarudi chuoni. Yaya wa kwetu akifukuzwa anarudi wapi? Muhula wa pili mwaka uliopita dawati moja darasani mwetu lilibaki tupu. Mwenzetu alikosa karo, akaenda kulea mtoto wa watu. Alikuwa akituongoza katika insha. Nikiandika riwaya inayomcheka yeye, nitakuwa nimemfukuza mara ya pili.

Ndiyo maana mwandishi wa riwaya hii hana budi kuijua sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 ilikataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na ikasema wa miaka 13 hadi 16 afanye kazi nyepesi tu isiyomharibia masomo. Ilimpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kuhusu mshahara, agizo la mwaka wa 2022 liliweka shilingi 15,201.65 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha yaya jijini Nairobi, na la 2024 likakipandisha hadi shilingi 16,113.75. Haya si mambo makavu, jamani. Hebu fikirieni msukosuko wa hadithi nzima ukizunguka siku moja tu, Jumapili. Yaya ameahidi kukutana na kijana wake saa nane, na kila Jumapili mwajiri anazua jambo: mara mgeni, mara harusi, mara mtoto ana homa ambayo mtoto mwenyewe haijui. Hapo sheria imekuwa kisa, na msomaji anacheka huku akijua ni haki gani inayoibwa.

Kwa muhtasari, atakayeijaribu riwaya hii ashike mambo matatu. Mosi, kicheko kielekee kwa mwenye nguvu. Pili, mtoto anayelelewa awe mtu kamili, kwani yaya hupenda watu wawili, kijana wake na mtoto asiye wake, na mara nyingi kuachana na mtoto ndiko kunakouma zaidi. Tatu, mwisho usiwe harusi peke yake. Msichana aolewe akitaka, lakini kwanza alipwe mshahara wake wote, na mlango wa shule uwe wazi kwake.

Chama chetu kitapokea sura za kwanza za hadithi kutoka kwa yeyote, na wala si lazima uwe hodari wa misamiati. Andika unavyosikia plotini kwenu. Na kama yuko nyumbani mtu anayekupikia na kukufulia sare, anza kwa kumuuliza jina lake kamili.