Mke Aliyepewa Nauli ya Kurudi

Mwaka 1979 mwandishi wa Kanada, Janette Oke, alitoa riwaya iitwayo Love Comes Softly. Mwanamke kijana, Marty, amesafiri na mumewe kwenda magharibi ya walowezi kwa gari la kukokotwa, na mume anakufa kabla hawajasimamisha hata kibanda. Marty ana mimba, hana fedha, na majira ya baridi yanakaribia. Siku ileile ya maziko, mgane aitwaye Clark Davis, ambaye hawajawahi kuonana naye, anamwomba wafunge ndoa. Clark anahitaji mtu wa kumlea bintiye mdogo; Marty anahitaji paa. Kitabu hicho hutajwa mara nyingi kuwa ndicho kilichoifungulia njia riwaya ya mapenzi ya Kikristo yenye mandhari ya kihistoria, na wasioipenda aina hii husema kwamba tangu hapo imekuwa ikirudia jambo lilelile: ndoa yenye mashaka, nyika, maombi, kisha amani. Naona dharau hiyo inapita juu ya jambo lenyewe. Katika vitabu bora vya aina hii, ndoa haiponywi na uvumilivu wa mke. Inapona pale ambapo aliyeolewa kwa kukosa la kufanya anapewa nafasi ya kweli ya kuondoka, na kubaki kwake kunakuwa uamuzi wake. Clark analala katika kijumba cha pembeni, na tangu mwanzo anamwahidi Marty kwamba majira ya kuchipua yakifika naye akitaka kurudi mashariki, atamlipia nauli. Riwaya nzima imesimama juu ya ahadi hiyo.

Uzito wa ahadi hiyo unaonekana ukitazama jinsi ndoa nyingi zilivyofungwa katika magharibi hiyo ya walowezi. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya Oregon. Mwanamume mzungu asiye na mke, aliyekwisha kufika huko, alistahili ekari 320. Mwenye mke alipata, pamoja na mkewe, ekari 640, na nusu yake iliandikwa kwa jina la mke. Mseja alipewa muda hadi Desemba 1851 awe ameoa, la sivyo sehemu ya pili ingempita. Wanaume wakaanza kutafuta wake mbio mbio, na wasichana waliokuwa bado watoto wakaozwa. Sheria hiyo ilimpa mke kitu ambacho wanawake wengi wa mashariki hawakuwa nacho, yaani shamba lililo lake. Lakini ilimfanya pia kuwa njia ya mume kujipatia ardhi maradufu, na binti wa miaka kumi na minne asingeweza kutofautisha anayempenda na anayezipenda ekari zake. Wale ambao kwetu wangeitwa kusuluhisha, mashangazi, wajomba na wazee wa kanisa, mara nyingi walikuwa wameachwa maili 2,000 nyuma. Si ajabu kwamba ndoa nyingi hazikudumu. Taarifa ya serikali ya Marekani iliyotolewa mwaka 1889 ilihesabu talaka zaidi ya 328,000 nchini kote kati ya mwaka 1867 na 1886, na karibu theluthi mbili ya hizo zilitolewa kwa ombi la wake. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutelekezwa.

Hata wamisionari hawakuepuka ndoa za haraka. Mary Richardson wa Maine alitamani kutumwa ng'ambo, lakini bodi ya misheni yenye makao yake Boston haikutaka kumtuma bila mume. Elkanah Walker naye alikuwa akijiandaa kwenda kwa Wazulu, kusini mwa Afrika, na alihitaji mke. Wakakutanishwa, na katika siku chache wakawa wachumba. Vita katika nchi ya Wazulu vikaifanya bodi ibadili mpango, na Machi 1838 wakafunga ndoa na kuelekea Oregon pamoja na jozi nyingine za maarusi wapya waliogombana njia nzima. Shajara aliyoiandika Mary inamwonyesha mwanamke msomi, mpenzi wa elimu ya mimea na wanyama, akihangaika kwa ubaridi wa mumewe na kujiuliza kama atawahi kumridhisha. Hakuna aliyemwahidi nauli. Walikaa pamoja hadi kifo cha Elkanah mwaka 1877, wakapata watoto wanane, na ningekuwa nasema uongo kama ningedai kwamba ndoa yao ilikuwa ya huzuni tupu. Ila nikisoma habari zake naelewa kwa nini waandishi wa riwaya, wakiwa huru kutunga, humpa mwanamke wa namna hiyo kile ambacho historia ilimnyima.

Kitabu kinachoijaribu hoja yangu kwa ukali zaidi ni Redeeming Love cha Francine Rivers, kilichotoka mwaka 1991. Rivers aliichukua habari ya nabii Hosea, aliyeamriwa kumwoa mwanamke asiye mwaminifu, akaipeleka California ya miaka ya 1850, wakati wa mbio za dhahabu. Angel aliuzwa kwenye ukahaba akiwa mtoto. Mkulima Michael Hosea anaamini kwamba Mungu amemwambia amwoe. Wakosoaji wa kitabu hiki wana neno zito: Angel anakubali ndoa akiwa amepigwa karibu kufa, hana fahamu kamili, na baadaye anapokimbilia danguroni Michael anakwenda kumtoa kwa mabavu. Je, huo ni uhuru? Hapana, na simtetei Rivers hapo. Hata kitabu cha Hosea kina sehemu ngumu namna hiyo, kwa maana mke anazibiwa njia kwa miiba, na mume anamkomboa kwa shekeli kumi na tano za fedha na shayiri. Lakini tazama riwaya inavyokwisha. Angel anaondoka tena, na safari hii Michael hamfuati. Inapita miaka mitatu. Angel yuko San Francisco, ana kazi yake ya kuwasaidia wasichana kutoka katika ukahaba, anaishi bila kumtegemea mwanamume yeyote, na anarudi kwa miguu yake mwenyewe. Rivers angeweza kumaliza kwa kumkomboa mara nyingine, kama ilivyo kwa nabii. Aliona kwamba ukombozi wa namna hiyo usingetosha kuifanya ndoa.

Msomaji mcha Mungu anaweza kupinga kwamba mlango ulioachwa wazi unakivunja kiapo, kwa kuwa aliyeunganishwa na Mungu hapaswi kuhesabu nauli. Pingamizi hilo nalichukua kwa uzito. Hata hivyo kiapo ni neno la mtu anayeweza kukataa, na kanisa lenyewe huwauliza maarusi mbele ya mashahidi kama wanakubali. Marty hakuulizwa swali hilo kwa haki siku ya maziko; aliulizwa na njaa. Nauli ya Clark inamrudishia swali lake. Kwa hiyo mchungaji anayempa mwanamke anayepigwa nyumbani riwaya ya aina hii, ili ajifunze kuvumilia, amemkabidhi kitabu ambacho yeye mwenyewe hakukielewa. Mvumilivu ndani yake ni mume, naye hainui mkono.

Kuna pingamizi jingine ambalo aina hii ya riwaya bado haijalijibu vya kutosha, nalo ni la wenyeji. Ekari zile za Oregon zilikuwa za Wakalapuya na mataifa mengine, na ziligawanywa kabla ya mikataba yoyote kuidhinishwa. Riwaya nyingi huisafisha nyika iwe tupu ili wapendanao wabaki wawili na Mungu, na hapo zinajidhoofisha zenyewe, maana uhuru wa mke ulitegemea majirani. Oke alilijua hilo kwa sehemu: anayemfungua Marty macho ni Ma Graham, jirani aliyewahi kuwa mjane na kuolewa tena. Mary Walker naye aliungana na wake wengine watano wa misheni mwaka 1838 kuunda chama cha akina mama, wakakubaliana kuomba saa ileile hata wakiwa mbalimbali. Lakini majirani wake wa kila siku, kwa karibu miaka tisa, walikuwa Waspokane. Mwishoni mwa 1847, wamisionari wenzao Marcus na Narcissa Whitman walipouawa na Wakayuse, Waspokane ndio walioahidi kuwalinda akina Walker. Riwaya itakayoandika ndoa kama yao kwa ukweli italazimika kuwapa watu hao majina, sauti, na maoni yao juu ya mume na mke waliokuja kujenga kwao.