Kumlea Mgeni Katika Utaratibu wa Usharika

Kata ya Nanyala, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Barabara hiyo, pamoja na reli ya TAZARA iliyofunguliwa rasmi mwaka 1976, imeleta watu wengi katika nchi ya Wanyiha: wafanyabiashara, walimu, madereva, na vibarua wa mashamba ya kahawa. Miongoni mwao wamo Walutheri kutoka Kilimanjaro, Bukoba, Njombe na kwingineko, ambao kila mmoja amelelewa katika desturi za usharika wake wa nyumbani. Katika makala hii tunakusudia kueleza namna mchungaji na wazee wa kanisa wanavyopaswa kumpokea mtu wa namna hiyo, ili apate kuufahamu utaratibu wa usharika na kuufuata pasipo kuvunjika moyo.

Tuseme mama mmoja amehamia kwetu. Jumapili ya kwanza anaketi upande ambao kwa desturi yetu ni wa wanaume. Jumapili ya pili anasogea kwenye Meza ya Bwana, naye hajaleta hati ya uhamisho, wala hakujua kwamba hati hiyo hutakiwa kwanza. Mzee wa kanisa anamzuia mbele ya watu wote. Jumapili ya tatu haonekani, na baada ya miezi michache twasikia kwamba anasali mahali pengine, au hasali kabisa. Wazee watasema kwamba alikataa utaratibu. Je, ni kweli? Hakuna aliyemfundisha utaratibu huo. Amri ambayo mtu aliijua baada tu ya kuivunja imekuwa kwake mtego, na lawama ya kwanza ni yetu tuliokaa kimya.

Taabu hii si ngeni katika historia ya Kanisa. Mlutheri anayefika Mbozi hukuta kwamba Wamoravian walimtangulia kwa miaka mingi, kwani wamisionari wao walianza kazi katika nyanda hizi tangu mwisho wa karne ya 19. Yafaa tukumbuke jinsi jumuiya yao ya Herrnhut, katika jimbo la Saksonia nchini Ujerumani, ilivyopata utaratibu wake. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walianza kujenga makao katika shamba la kabaila Nikolaus von Zinzendorf. Baadaye walifika wengine wa asili na mafundisho mbalimbali. Kisheria walikuwa chini ya usharika wa Kilutheri wa Berthelsdorf, lakini punde walianza kugombana juu ya ibada na mafundisho, hata wengine wakamkataa mchungaji.

Zinzendorf hakuanza kwa kuwafukuza. Alihamia kwao, akawatembelea nyumba kwa nyumba na kuzungumza nao. Tarehe 12 Mei 1727 wakazi waliyakubali mapatano ya kuishi pamoja kindugu. Tena waligawanywa katika vikundi vidogo, ambamo mtu aliweza kuungama, kuuliza na kuonywa na wenzake wachache. Tarehe 13 Agosti mwaka huohuo walishiriki Chakula cha Bwana pamoja katika kanisa la Berthelsdorf, na siku hiyo Wamoravian huikumbuka mpaka leo. Tuangalie mfuatano wa mambo: kwanza kutembelewa, kisha kanuni kuelezwa na kukubaliwa, kisha wenzi wa karibu wa kusaidiana kuzishika.

Maandiko nayo yatuonyesha njia hiyo. Barnaba alimchukua Sauli na kumdhamini mbele ya mitume, wakati wengine walipomwogopa (Matendo 9:26-27). Prisila na Akila walipoona kwamba Apolo ana upungufu, hawakumsahihisha mbele ya sinagogi, bali walimchukua kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Na mkutano wa Yerusalemu, ulipowaandikia waamini wa mataifa, ulitaja mambo machache tu ya lazima, usitake kuwatwika mzigo usiohitajika (Matendo 15).

Hapa ndipo mafundisho yetu wenyewe yanapotudai. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 7, lafundisha kwamba kwa umoja wa kweli wa Kanisa yatosha kupatana katika mafundisho ya Injili na katika kuzitoa Sakramenti. Si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Kifungu cha 15 chaongeza kwamba desturi zinazoleta amani na utaratibu mwema zishikwe, ila dhamiri za watu zisilemewe kana kwamba desturi hizo zahitajika kwa wokovu. Kwa hiyo mwalimu wa wageni hana budi kutenganisha mambo mawili: yale ambayo Bwana ameyaagiza, na yale ambayo usharika umeyapanga kwa ajili ya amani yake. Mahali pa kuketi, bahasha ya ahadi na zamu ya kufagia kanisa ni mambo mema, lakini mgeni asifundishwe kwa sauti ileile tunayoitumia kwa Amri Kumi.

Kutokana na hayo, twashauri mambo manne. Kwanza, mchungaji au mwinjilisti amtembelee mgeni katika majuma ya kwanza, amweleze kanuni chache zilizo za lazima pamoja na sababu zake, na kumsaidia kupata hati kutoka usharika alikotoka. Pili, jumuiya ya mtaa impe mwenzi, mtu wa rika lake, wala si mzee mwenye kazi ya kurudi watu. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro kati ya mwaka 1902 na 1938, aliona jinsi vijana wa Kichagga walivyofungwa wawili wawili katika jando, akautumia uhusiano huo katika mafundisho ya kipaimara. Maana mtu hujifunza kwa rafiki asiyoweza kumwuliza mkuu. Tatu, kosa la kutokujua lielezwe faraghani, kwa kufuata Mathayo 18:15. Karipio la hadhara na kutengwa ni dawa ya ukaidi, si ya ugeni. Nne, asiachwe akae kama mtazamaji. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Apewe kazi katika kwaya, katika usafi au katika kutembelea wagonjwa, kwani anayebeba mzigo wa nyumba huzielewa kanuni zake upesi.

Wako watakaosema kwamba upole huu utalegeza nidhamu. Sisi twaona kinyume. Mgeni aliyefundishwa hana tena udhuru. Akikaidi, wazee watamwonya kwa dhamiri safi, naye atajua anaonywa kwa lipi. Tena mgeni anapouliza sababu ya kanuni fulani, nasi tukakosa jibu, ametusaidia kuipima upya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kila mchungaji aitazame orodha ya waliohamia usharikani mwake tangu mwaka jana, ajiulize ni nani kati yao aliyefundishwa kabla ya kukemewa. Na yule ambaye amekwisha kuondoka kwa sababu hiyo, amfuate nyumbani kwake.