Kazi ya kompyuta nayo ina maradhi yake

Watu wengi hudhani kwamba mfanyakazi wa kompyuta hachoki, kwa kuwa habebi mzigo wala hachafuki. Sivyo.

Tazama Changamwe, Mombasa. Muuguzi wa hospitali ya Port Reitz husimama kwa muda mrefu na kuinua wagonjwa. Mgongo na miguu humsumbua. Mwalimu hukauka koo. Mhandisi wa kituo cha umeme cha Kipevu hukabiliana na kelele za mitambo. Hata hivyo, kazi zao huwalazimisha kutembea.

Mtaalamu wa kompyuta halazimishwi. Huweza kuketi asubuhi nzima bila kuinuka. Anapokodolea kioo, hupepesa kope mara chache, na macho hukauka na kuwasha. Shingo hukakamaa. Neva inayopita kifundoni mwa mkono ikibanwa, vidole hufa ganzi, hasa usiku. Ganzi hiyo ikipuuzwa, misuli ya kidole gumba huweza kudhoofika kabisa, na mkono ndio riziki yake.

Ni vyema, kila baada ya dakika 20, kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Inuka kila nusu saa, unyooshe viungo. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho. Ganzi ikidumu kwa wiki kadhaa, mwone daktari.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi na vifaa vinamfaa mfanyakazi. Kwa hivyo, kuomba kiti kinachokufaa si kudeka. Ni haki yako.