Vidonge vya vitamini vinapomdhuru mama mjamzito

Mwanamke aliyeishi miaka mingi bila maradhi anaweza kupata mimba, kisha vipimo vikaonyesha kwamba kalsiamu katika damu yake imepanda kupita kiasi. Chanzo huweza kuwa kasoro adimu ya kurithi, na vidonge anavyopewa kliniki huizidisha.

Kwa kawaida figo huigeuza vitamini D kuwa homoni inayousaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Figo hizo hizo hutoa kimeng'enya cha kuivunja homoni hiyo inapozidi. Aliyerithi kwa baba na kwa mama jeni ya CYP24A1 yenye hitilafu hukosa kimeng'enya hicho. Hitilafu hiyo ilitambuliwa mwaka 2011, ingawa Uingereza ilishuhudia watoto wachanga wakiugua katika miaka ya 1950, baada ya maziwa yao kuongezewa vitamini D nyingi.

Wakati wa ujauzito homoni hiyo huongezeka mara mbili au zaidi, kwa kuwa mtoto anajenga mifupa. Mama asiyeweza kuivunja huona kiu, hukojoa mara kwa mara, hufunga choo, huchoka na kusikia kichefuchefu. Ugumu uko hapo, kwani ni mjamzito gani asiyelalamikia mambo hayo? Asipotibiwa, anaweza kupata vijiwe vya figo, kuvimba kongosho au shinikizo la damu.

Kalsiamu ikionekana imezidi, madaktari hupima homoni ya tezi ndogo za shingoni. Ikiwa juu, huenda kasoro iko kwenye tezi, nazo hutibiwa hata kwa upasuaji. Ikiwa chini sana, vitamini D ni miongoni mwa vinavyoshukiwa.

Mgonjwa huachishwa vidonge vya vitamini D na kalsiamu, hunywa maji mengi, hupunguza maziwa na dagaa kwa maelekezo ya daktari, na hujikinga na jua, agizo ambalo si jepesi kwa mkazi wa Mombasa au Muscat. Wajawazito wengine wasiviache vidonge vyao: Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku pale chakula kinapokuwa na upungufu wake, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba.

Mtoto naye huangaliwa. Tezi zake, zilizopumbazwa na kalsiamu nyingi ya mama, huweza kuchelewa kuanza kazi, kalsiamu ikashuka na akashikwa na degedege. Kwa hiyo damu yake hupimwa katika siku za kwanza, hata akionekana mzima.