BAHATI NA USTADI MEZANI

Mchezo wa pool, nduguye biliadi, umeenea katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki, na popote uingiapo huja na ubishi wake. Aliyeshindwa husema mwenzake amebahatika. Aliyeshinda hudai ni ustadi. Wazee nao, wakiona vijana wameizunguka meza, huukata ubishi kwa neno moja: kamari. Yafaa jambo hili tulipime kwa haki, maana kijana aambiwaye kila siku kwamba kazi ya mikono yake ni bahati tu, mwisho huacha kujifunza.

Tusikatae kwamba bahati imo. Katika mchezo wa mipira tisa, sheria yataka mpira mweupe uguse kwanza ule wenye namba ndogo kuliko yote iliyosalia. Na autumbukizaye mpira wa 9 kwa halali ndiye mshindi, hata ukiingia shimo ambalo hakulikusudia. Hapo mwanagenzi aweza kumwangusha bingwa kwa pigo moja.

Lakini bahati haina pumzi ndefu. Tuseme mchezaji amemzidi mwenzake kidogo tu, hata katika michezo 100 hutazamiwa kushinda 55. Wakicheza mchezo mmoja, nafasi yake ya kushinda ni hizo 55 kwa 100. Wakishindana nani atatangulia kufikisha michezo 9, nafasi hiyo hupanda hadi kama 66. Wakishindania 120, hufika kama 94. Ustadi ni ule ule. Kilichoongezeka ni nafasi ya kuuonyesha. Bandu bandu huisha gogo.

Mwaka 1996 huko Hong Kong, Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani walishindania michezo 120 ya mipira tisa, kwa zawadi ya dola 100,000 iliyokuwa ya mshindi peke yake. Reyes alishinda kwa 120 dhidi ya 117. Hapa pana fundisho: bahati huonekana kubwa pale mastadi wawili wanapolingana, kwa kuwa nguvu zao zimekwisha kufutana. Kati ya bingwa na mwanagenzi, haidumu.

Tena uko mchezo ambao mchezaji hana budi kutaja mpira na shimo kabla ya kupiga. Katika mchezo huo Willie Mosconi wa Marekani alitumbukiza mipira 526 mfululizo mwaka 1954, na mwaka 2022 Jayson Shaw wa Scotland akafikisha 714. Nani atathubutu kusema kwamba bahati ilimjia mtu mara 714 bila kukosa?

Basi, waandaao mashindano wasimtawaze bingwa kwa mchezo mmoja au miwili, kisha wakashangaa mwakani hajulikani alipo. Vijana nao wajifunze si kutumbukiza tu, bali kujua mpira mweupe utasimama wapi baada ya pigo, na kumfichia mpinzani mpira pasipo njia ya kuupata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na wazee wetu twawaomba watenganishe mambo mawili: kinachofanya kamari ni fedha ya dau iwekwayo pembeni, wala si meza, fimbo na mipira.